Nyasi bandia, zege au nyasi za kupanda: uwanja wa michezo nyuma ya nyumba, Lubumbashi

Mwenye mita 10 kwa 15 zilizo wazi nyuma ya nyumba, awe Golf, Bel-Air au pembezoni mwa Annexe, ana njia nne za kuzigeuza uwanja wa michezo: aziache udongo mwekundu kama zilivyo, apande nyasi za kweli, amwage zege, au atandike nyasi bandia. Siku hizi wengi huanzia hiyo ya nne. Wameiona pale Kamalondo kwenye uwanja wa TP Mazembe, wameiona tena kwenye simu ikiwa kijani mwaka mzima, na wanataka kipande chake nyumbani. Tamaa hiyo haina ubaya. Tatizo ni kwamba wanaingia dukani wakiuliza "mita moja bei gani?", na hilo lilipaswa kuwa swali la mwisho.

La kwanza ni maji. Hapa kwetu uwanja hauchoshwi na miguu ya wachezaji kadiri unavyochoshwa na mvua, kisha na ukosefu wa mvua. Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna tone la kutegemea. Kila moja ya hizo njia nne ina majira inayoyamudu na majira yanayoishinda.

Niseme msimamo wangu mapema, usije ukasoma ukiutafuta. Kwa familia yenye watoto wa rika mbalimbali, ningemwaga zege lenye mteremko sahihi kwanza, kisha ningetandika kapeti fupi ya michezo (nyasi bandia za nyuzi fupi) juu yake fedha ikipatikana, hata ikiwa ni baada ya mwaka mmoja au miwili. Nyasi bandia ndefu za soka ningeziweka tu pale ambapo mpira wa miguu ndio mchezo pekee wa nyumba hiyo. Nyasi za kweli ningemwachia mwenye kisima chake mwenyewe.

Hesabu ya mvua moja

Mvua ya Januari ikishusha milimita 50, mita za mraba 150 zimepokea lita 7,500. Sasa ongeza bati: paa la mita za mraba 120 linalomwaga upande huohuo linaleta lita nyingine 6,000. Lita 13,500 zinataka njia ya kutokea, na zinaitaka ndani ya saa moja au mbili, si kesho asubuhi.

Udongo wetu mwekundu hunywa maji vizuri ukiwa umetifuliwa na una mizizi ndani. Ukishashindiliwa unajifunga. Na kila uwanja wa kujenga, wa zege au wa nyasi bandia, huanza kwa kushindilia. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba kapeti yake ina matundu na maji yanapita, hajadanganya, ila hajamaliza maneno. Yanapita kwenye kapeti, yanapita kwenye kokoto, yanafika kwenye udongo uliofungwa, na hapo yanakaa. Kokoto inaanza kuzama kwenye tope, kapeti inashika mabonde, na mpira unakata kona pasipo kona.

Mafundi wengine wana jibu jepesi: "Papa, usiogope, maji itaenda yenyewe." Yataenda kwa mteremko, si vinginevyo. Kwa nyasi bandia zilizolala juu ya kokoto, asilimia 0.5 hadi 1 inatosha, yaani sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita 10. Kwa zege usishuke chini ya asilimia 1, kwa sababu maji yote yanatembea juu. Upande wa chini kuwe na mfereji, na mfereji huo uishie kwenye shimo refu lililojazwa mawe au kwenye mtaro wa barabara. Usiuelekeze kwenye ukuta wa jirani. Ukuta wa matofali ya kuchoma ukiloweshwa msingi misimu miwili mfululizo huanza kuinama, na kesi yake itakugharimu kuliko uwanja. Maji ya paa yapewe bomba lake peke yake, au yaingie kwenye tangi. Yasiguse uwanja kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo fundi aliyetoka mbali hawezi kulijua. Parseli nyingi (viwanja vya nyumba) za mji huu zilisawazishwa juu ya vichuguu. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa, vingine hupita mita 4 kwenda juu, na udongo wake ndio huohuo wa mfinyanzi unaotengenezewa matofali. Kichuguu kilichokatwa juu tu kinabaki chini: mfinyanzi mgumu upande mmoja, udongo wa kawaida upande mwingine, na vyumba vya mchwa vilivyo wazi katikati. Upande mmoja unashuka, mwingine haushuki. Zege linapasuka kwenye mpaka wake. Kapeti haipasuki, ila inaonyesha bonde. Kabla ya kupima chochote, chimba mashimo madogo matano, manne pembeni na moja katikati, kina cha goti. Ukikuta udongo wa rangi mbili tofauti, utoe ule wa mfinyanzi kwa sentimita 40 hivi na ujaze mawe na kokoto. Kama mchwa wako hai, usiweke ubao wowote kuzunguka uwanja. Mafundi wa nchi nyingine hupigilia kapeti kwenye fremu ya mbao, na hapa kwetu fremu hiyo ni chakula. Ukingo uwe wa zege au matofali.

Wenzetu wa Goma hawana shida hii. Wamejengewa na volkano: mawe ya lava yaliyomiminika 2002 yana matundu, na maji yanazama mara moja. Kazi yao ni kupata usawa tu. Bukavu ni kinyume: mfinyanzi juu ya mlima, ambako ukuta wa kuzuia udongo unaweza kula fedha kabla hujanunua mita moja ya kapeti. Ushauri wa mtu wa Goma usiuhamishie Lubumbashi.

Nyasi bandia: unanunua nini hasa?

Dukani utakuta aina tatu, na zote zitaitwa jina moja.

Ya kwanza ni ya kupamba. Ina nyuzi za milimita 20 hadi 35, laini, yenye rangi mbili tatu za kijani na vinyuzi vya kahawia vilivyojikunja chini ili ionekane kama nyasi zilizokauka kidogo. Ni nzuri barazani na kwenye picha za harusi. Ukiichezea mpira mwaka mmoja, inalala chini moja kwa moja na hainyanyuki tena. Hii ndiyo inayouzwa zaidi, na ndiyo inayowaponza wengi, maana mkononi ndiyo laini kuliko zote.

Ya pili ni ya soka yenyewe, milimita 40 hadi 60, ambayo hujazwa mchanga na chembechembe za mpira ili nyuzi zisimame na mguu usigonge chini. Hii ndiyo ya viwanja vikubwa, na ndiyo ambayo FIFA huipima: alama yake ya juu, FIFA Quality Pro, hudumu mwaka mmoja tu kabla ya kupimwa tena, na FIFA Quality hudumu miaka mitatu. Kumbuka kwamba alama hiyo hupewa uwanja uliokamilika na kupimwa mahali ulipo. Muuzaji akikuonyesha roli ya kapeti ghalani na kusema "hii ina cheti cha FIFA", muulize cheti ni cha uwanja gani.

Ya tatu ni fupi, milimita 12 hadi 20, yenye nyuzi nyingi zilizobanana, hujazwa mchanga mtupu. Tenisi na padel, mchezo wa raketi unaofanana nayo, huchezwa juu yake. Mpira unadunda sawasawa, mguu unateleza kidogo na kusimama. Kwa nyumba yenye michezo mchanganyiko, hii ndiyo ninayoipendelea, ingawa ndiyo isiyovutia macho. Kuna pia aina ya soka ya milimita 30 hivi isiyotaka kujazwa kitu, yenye nyuzi nene na zilizobanana sana. Inafaa watoto wadogo. Uliza kama ipo kabla hujakata tamaa.

Uzi wa polietilini ni laini na huvumilia jua. Wa polipropilini ni mgumu na nafuu, na kwenye kapeti ndefu huvunjika mapema. Utasikia pia neno "dtex". Ni uzito wa gramu wa mita 10,000 za uzi, na muuzaji huitaja kama vile kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Kapeti inaweza kuwa na namba kubwa ya dtex na mishono michache kwa mita, ikawa na vipara. Geuza upande wa mgongo, hesabu mistari ya mishono, kisha vuta uzi mmoja kwa nguvu. Ukitoka na kitanzi chake kizima, gundi ya mgongo ni hafifu.

Kuhusu chembechembe za mpira: nyingi hutokana na matairi yaliyosagwa. Zina harufu wakati wa joto, zinaingia viatuni hadi sebuleni, na mvua kubwa ikija zinaelea na kwenda zake mtaroni. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 katazo la kuziuza kama kijazio cha viwanja, na limepewa muda wa kuanza hadi Oktoba 2031. Kwa uwanja wa nyumbani sioni sababu ya kuzileta. Mchanga unatosha.

Lakini mchanga upi? Ule wa kujengea una vumbi la udongo ndani yake. Ukiujaza kwenye kapeti, baada ya mvua tatu unashikana na kuziba matundu yote. Kijazio kinatakiwa kuwa mchanga wa silika, punje za mviringo, uliooshwa na kukaushwa. Kipimo chake ni rahisi: tia mchanga robo chupa, jaza maji, tikisa, acha dakika tano. Maji yakibaki mekundu, huo ni wa fundi mwashi.

Roli, vipimo na fedha inayotupwa

Hapa ndipo watu hupoteza fedha bila kujua. Roli nyingi zina upana wa mita 4 na urefu wa mita 25. Uwanja wako ni mita 10 kwa 15. Fundi akilaza vipande kwa urefu wa mita 15, anahitaji vitatu, upana mita 12, na mita 2 zinakatwa na kutupwa: umelipia mita za mraba 180. Tena kila roli ya mita 25 inatoa kipande kimoja tu cha mita 15, hivyo umegusa roli tatu. Akivilaza kwa upande wa mita 10, anahitaji vinne, jumla mita za mraba 160, na roli mbili zinatosha. Urefu wa maungio ni uleule, mita 30 kwa njia zote mbili. Tofauti ni fikra tu.

Roli za upana wa mita 2 zinaingia kamili bila kutupa kitu, ila maungio yanakuwa mita 60, na maungio ndiyo hufa kwanza. Kipande kinachobaki usimpe mtu. Kiweke kivulini, kwa sababu kapeti utakayonunua baadaye kwa ajili ya kiraka haitakuwa na rangi ileile.

Angalia pia vipande vyote vilale upande mmoja, nyuzi zikielekea kulekule. Kimoja kikigeuzwa, kitaonekana cha rangi nyingine hadi siku ya kukibandua.

Chini ya kapeti

Kazi ya nyasi bandia ni asilimia kubwa ya chini na ndogo ya juu. Unachimba sentimita 15 hadi 20, unasawazisha kwa mteremko, unashindilia udongo, unatandaza kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, unamwaga kokoto tabaka mbili za sentimita 6, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine, kisha sentimita 2 au 3 za kokoto laini juu. Kwa mita za mraba 150, kokoto ya sentimita 12 ni mita za ujazo 18 ikiwa imeshashindiliwa, kwa hiyo agiza 22 au 23. Usikubali kushindilia kwa kigogo cha mkono. Kitashindilia kifua cha fundi tu.

Wakati mzuri ni Mei hadi Agosti. Gundi ya kuunganishia vipande haipendi unyevu, na shimo lililo wazi likipigwa na mvua ya Novemba linakuwa bwawa. Ila udongo wa Agosti ni mkavu kupita kiasi, na udongo mkavu kabisa haushindiliki vizuri. Unyunyizie maji siku moja kabla, uwe na unyevu wa kushikana ukiufinya mkononi bila kuchuruzika.

Kokoto itoke kwenye machimbo ya mawe. Kuna watu watakuletea mabaki meusi ya kuyeyushia madini kwa bei ya chini, wakisema ni magumu na maji hayayadhuru. Ugumu wake ni kweli. Lakini mabaki hayo yana metali, kobalti ikiwemo, na ndiyo maana lile tuta kubwa jeusi la mji limekuwa likichakatwa upya ili kuitoa. Sitaki vumbi lake chini ya miguu ya watoto wanaocheza bila viatu.

Joto, vumbi na mbabula

Nyasi za kweli hujipoza kwa kutoa unyevu. Plastiki haina unyevu wa kutoa. Chini ya jua kali, uso wa nyasi bandia hupita nyuzi joto 60. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 kule Kanada lilichezwa lote juu ya nyasi bandia, na kundi la wachezaji lilikuwa limepeleka malalamiko kabla halijaanza. Joto na michubuko ya kuteleza vilikuwa miongoni mwa hoja. Na ile ni Kanada. Sisi tuko mita 1,200 juu ya bahari, na Oktoba yetu inajulikana. Ukimwagia maji inapoa, lakini kwa muda mfupi tu. Uwanja wa nyasi bandia Lubumbashi ni wa asubuhi na wa baada ya saa kumi jioni, au uwe na kivuli. Mwembe wa jirani unaweza kukupa kivuli hicho, pamoja na majani na maembe yaliyopasuka, usiukate haraka.

Zege nalo hupata moto, ila watu huvaa viatu juu yake, na likipata kivuli linapoa vizuri.

Kiangazi huleta vumbi jekundu. Kwenye zege unafagia. Kwenye kapeti linazama kati ya nyuzi, na mvua ya kwanza inaligeuza tope. Kila wiki mbili pitisha brashi ngumu dhidi ya mlalo wa nyuzi, na kabla ya mvua za Oktoba osha kwa maji mengi. Wanaouza nyasi bandia kama kitu kisichotaka matunzo wanajua kwamba hutawapigia simu hadi dhamana iishe.

Sasa jambo ambalo tangazo lolote la Ulaya halitakuambia. Ua wa nyumba hapa si wa michezo peke yake. Siku ya matanga, ndiko mahema yanakosimikwa na viti kupangwa usiku kucha. Siku ya harusi, ndiko mbabula sita, yaani majiko ya mkaa, zinawashwa kwa mstari. Mahindi huanikwa hapo, gari la mjomba aliyetoka Likasi hulala hapo. Polietilini inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hadi 130, na kaa moja la moto linatosha kutoboa tundu la ukubwa wa sarafu. Vigingi vya hema vinachana mgongo wa kapeti. Gari likilala usiku linaacha mitaro miwili na tone la mafuta. Ukiwa mtu wa familia kubwa ambaye nyumba yake ndiyo ya kukutania, kapeti itakufanya uwe mkali kwa wageni wako. Zege halina kinyongo na yeyote.

Zege

Slabu ya sentimita 10 kwa mita za mraba 150 ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni magunia 105 ya kilo 50. Fundi anayekuambia 60 anakupunguzia bei leo na kukuuzia nyufa kesho. Linakatwa maungio kila mita 3 au 4 ili lipasuke pale unapotaka wewe. Na lilowanishwe siku saba angalau, hata kama Regideso, shirika la maji, haijatoa maji: funika kwa magunia yaliyolowa. Zege lililokauka kwa jua la Agosti bila maji linakuwa unga juu, na watoto watalibeba nyumbani kwenye soksi. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Vumilia kabla ya kusimika nguzo ya kikapu.

Faida yake ni kwamba mita 10 kwa 15 zinabeba michezo mingi. Badminton inaingia yote (mita 13.4 kwa 6.1). Kikapu cha upande mmoja kinaingia vizuri, ingawa kiwanja rasmi cha watatu kwa watatu kina mita 15 kwa 11, hivyo umepungukiwa mita moja. Magoli ya futsal, mita 3 kwa 2, yanakaa pande zote mbili. Voliboli, mita 18 kwa 9, haiingii. Wala padel, mita 20 kwa 10. Kwenye nyasi bandia ndefu kikapu kinakufa kabisa, maana mpira haudundi.

Kasoro yake ni magoti. Mtoto wa miaka sita akianguka kwenye zege analia. Wa miaka arobaini akicheza futsal juu yake kila Jumapili atalia baadaye. Ndiyo maana nasema kapeti fupi ije juu yake, pamoja na tabaka la povu la milimita 10 chini kama una watoto wadogo. Ukimwaga zege kwa mteremko sahihi tangu mwanzo, kapeti inalala juu yake bila kuchimba tena. Ukimwaga bila mteremko, kapeti itageuka sponji.

Nyasi za kweli, kwa wenye maji

Paspalum au nyasi ile inayotambaa ambayo wakulima huilaani shambani zinaota vizuri hapa. Zipandwe Novemba mvua zikianza, na kufikia Februari zimefunga ardhi. Hakuna kinachopoza ua kama zenyewe, na mtoto akianguka anacheka.

Kisha inakuja Mei. Nyasi zinataka lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku ili zibaki kijani, yaani lita 600 hadi 750 kila siku kwa uwanja wetu, miezi mitano. Kwa bomba la mji, hilo ni ndoto. Kwa kisima chenye pampu inayotegemea umeme wa SNEL, shirika la umeme, ni nusu ndoto, labda uwe na tangi la juu la lita 2,000 na ulijaze umeme unapokuwepo. Kuna njia ya tatu ambayo naiheshimu: ziache zikauke. Nyasi hizi hazifi; zinalala, zinageuka kahawia, na mvua ya Novemba inaziamsha. Ila huwezi kuzichezea zikiwa zimelala. Ukizikanyaga kila siku Julai, Novemba itaamsha udongo mtupu.

Na hata zikinyweshwa, mita za mraba 150 ni chache. Watoto kumi wakicheza kila jioni, mbele ya goli patakuwa upara mwezi wa pili. Nyasi za kweli zinataka uwanja mkubwa au wachezaji wachache.

Udongo mtupu sitauzungumzia sana. Kwa mpangaji, au kwa anayengoja fedha, ndio chaguo sahihi: usawazishe, uupe mteremko, uutenge na maji ya paa, usimike magoli. Kiangazi utakula vumbi, na Januari mtacheza karata.

Kwa mita za mraba 150

| | Nyasi bandia juu ya kokoto | Zege | Nyasi za kweli |
|---|---|---|---|
| Vifaa vikuu | kokoto m³ 22–23, kapeti m² 160, mchanga wa kujazia tani 2.5–3 | zege m³ 15, magunia 105 | udongo mzuri, samadi, miche |
| Kujenga | Mei–Agosti | kiangazi, ukiwa na maji ya kulowanisha | kupanda Novemba |
| Maji ya kiangazi | ya kuosha tu | hakuna | lita 600–750 kwa siku |
| Umri | miaka 8–10 ikitunzwa | miongo, nyufa zikizibwa | haina mwisho, ila hutaka kufyekwa na kupandwa upya penye upara |

Mambo ya pembeni yanayosahaulika

Shimo la choo. Ujue liko wapi kabla ya kuchimba, na kifuniko chake kibaki nje ya uwanja. Siku lori la kunyonya likija, hutapenda kukata kapeti.

Wavu nyuma ya magoli, mita 4 kwenda juu, ni nafuu kuliko vioo vya jirani. Mwendee jirani huyo kabla ya kuanza kazi, umweleze saa za kucheza na wapi taa zitaelekezwa. Taa za LED chache zenye betri na sola zitakufaa zaidi ya zile kubwa zinazongoja umeme.

Na ukienda kununua kapeti, nenda na vipimo vyako vimeandikwa, pamoja na mchoro wa namna vipande vitakavyolala. Uliza imetengenezwa kwa mchezo gani, si kwa matumizi gani. Uliza dhamana ya jua ni ya miaka mingapi na nani hasa atailipa: kiwanda kilicho mbali, au yeye aliyepitisha mzigo mpakani Kasumbalesa? Uliza gundi na mkanda wa maungio viko ndani ya bei au la, kwa sababu mara nyingi haviko. Kisha omba kipande cha ukubwa wa kiganja ukakijaribu nyumbani kwa maji, kwa jua la saa saba na kwa kaa la mbabula. Akikataa kukukatia, vuka barabara uingie duka la pili.